Kengele Iliyopita Sahani kwa Sahani

Wadogo zangu wa ofisi ya mto,

Mwezi uliopita nilirudisha kamba, miwani ya maji na ufunguo wa banda, na tangu siku hiyo nakaa nyumbani kama mgeni ambaye hajui ataondoka lini. Mke wangu amechoka kuniona. Yeye ndiye aliyesema niandike, kwa sababu kila jioni ananikuta nimekaa mlangoni nikifunga na kufungua mafundo kwenye mkanda wa suruali. Vyeo nitaviruka, na mishahara nitaiacha ilale. Nataka kuwaeleza kazi yenyewe, na hasa ile ya mwisho, ya kengele, kwa sababu nasikia mnaihadithia vibaya kwenye nganda mkishakunywa chupa ya pili. Mnasema nilipigana na mamba. Sikupigana na mamba yeyote.

Nilizaliwa penye maporomoko, kwa watu wanaotega mitego ya vikapu kwenye miti iliyosimamishwa kati ya mawe. Siku niliyoajiriwa kuzamia niliamini hakuna wa kunifundisha maji. Papa Lifeta, aliyekuwa mkubwa wa wazamiaji, alinitazama tangu miguu hadi kichwa, akaniomba nyundo. Nikampa. Akaishika juu ya maji, akaiachia.

Akaniuliza nyundo iko wapi. Nikamwambia iko majini. Akaniuliza sasa ni ya nani. Nikajibu ni ya ofisi, nikidhani nimejibu vizuri.

"Ya ofisi ilikuwa wakati iko mu mukono," akasema. "Chombo haina kamba, ni ya mto. Ingia, omba mto ikurudishie."

Niliomba asubuhi nzima. Nilipotoka na nyundo, midomo ilikuwa inatetemeka na yeye alikuwa amemaliza karanga zake na zangu. Tangu hapo sikushika chombo bila kamba. Kisu, koleo, miwani, hata kijiko cha chakula cha mchana, vyote vilining'inia kiunoni. Kwa kweli Papa Lifeta hakunipa desturi mpya, alinirudishia ya nyumbani. Watu wa maporomoko hufunga kila kitu. Mtoto akianza kupiga kasia hufungiwa kasia lake, na mwanamke akifua penye mawe hufunga sabuni yake. Siku ya harusi yangu shemeji zangu walileta uzi, wakasema ni wa pete.

Fundisho la pili alinipa baadaye, na nawaomba mlisome mara mbili. Kitu chepesi funga kiunoni. Chuma kizito funga kwenye mtumbwi, na fundo lako liwe na sikio, yaani ncha ya kuvuta mara moja likafunguka. Vijana wa maporomoko hawapendi fundisho hili. Wanasema mtumbwi ukipinduka kwenye maji makali unakwenda na kila kilichomo, lakini kiuno cha mtu hakimwachi mwenyewe. Ni kweli kwamba hakimwachi.

La tatu lilikuwa la heshima. Ukiwa juu ya maji, aliyezama hatajwi kwa jina. Papa Lifeta alimwita "mgeni wetu," na sisi tukafuata. Alitufundisha pia kutokuwa na haraka. Mgeni huinuka mwenyewe maji yakishamchoka, na tunajua anapoinukia: nyuma ya jahazi lililooza karibu na bandari, kwenye majani ya upande wa Lubunga, au penye kona ya chini. Akipita hapo pote, wavuvi wa Isangi, mbali chini ya mto, watamwona na kutuma habari kwa boti inayopanda. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kukaa na kungoja pamoja na watu waliofiwa, na hiyo hakuna anayekueleza unapoajiriwa.

Miaka ikaenda. Nilitoa mtoni mashine za mitumbwi nyingi kuliko ninavyokumbuka, na nanga, na friji ya mtu aliyetaka kujua kama bado inafanya kazi. Nilizamia magunia ya chumvi na kuyatoa magunia bila chumvi, na mwenye mali akanitazama kana kwamba nimeilamba. Nilitafuta meno ya bandia ya mzee mmoja aliyepiga chafya kwenye kivuko. Yalipatikana, akayasuuza palepale akayavaa. Na wageni wetu niliwatoa pia. Hao siwaelezi mmoja mmoja. Kila mmoja bado nakumbuka alikuwa amevaa nini.

Papa Lifeta mwenyewe alikufa kitandani, mkavu, jambo alilokuwa akijisifia kabla halijatokea. Tulimzika na kamba yake. Nililia kama mtoto, na sioni aibu kuliandika.

Sasa kengele.

Majira ya maji kupungua, mvuvi mmoja wa maporomoko, Papa Losale, alikuwa akibadilisha miti yake iliyooza. Katika ufa wa jiwe, pale ambapo maji hayafunui kila mwaka, akakuta chuma. Akakivuta. Ilikuwa kengele ya kale, ngonga ya midomo miwili iliyounganishwa penye mshikio, mdomo mmoja umepasuka pembeni, na uzito wake ni kama mtoto anayeanza kutembea. Wazee walipoiona, mmoja akaeleza. Zamani za mababu, jamaa mbili ziligombania mahali pa kutegea samaki, na kengele hiyo ndiyo iliyokuwa ikiita watu vitani. Waliokufa walikuwa wengi. Walipopatana waliishusha pamoja kwenye ufa ili isisikike tena, na wakailaani: nyumba itakayoikaribisha, msiba utaikaribisha pia. Haiuzwi, na haitupwi ovyo. Hutoka kwa mtu kwa njia mbili tu. Ama unairudisha kwenye ufa wake, ama unampa mtu aliyekula chakula chako, naye akiipokea kwa mkono wake imekuwa yake.

Wazee walimwambia Papa Losale airudishe siku hiyohiyo. Alisema kesho. Usiku mvua ikanyesha huko juu, maji yakajaa ufa, na Papa Losale akaanza kutafuta mtu wa kula naye.

Haya yote sisi wa ofisi tuliyasikia kama kichekesho cha mjini. Tulicheka pia. Kisha Justin akapotea.

Justin alikuwa mtoto pekee wa Mama Chantal, mjane anayeuza fumbwa, zile mboga za msituni, na mihogo kwenye soko la komini ya Tshopo. Alikuwa kijana wa maneno machache, mvuvi kama marehemu baba yake. Asubuhi moja mtumbwi wake ulikutwa umekwama kati ya miti ya mitego, mtupu, na kasia likiwa limefungwa kwa kamba yake mahali pake. Tulitafuta kila mahali palipozoeleka. Nyuma ya jahazi hakuna, kwenye majani hakuna. Nilituma habari Isangi, na jibu likaja na boti kwamba hawajaona kitu. Siku ambazo maji huhitaji zikapita, zikaongezeka nyingine juu yake.

Mama Chantal alikuja bandani kwetu kila siku, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakupiga kelele. Alikuwa akiuliza, tunamjibu, anabaki. Nyumbani kwake mkeka wa matanga ulikuwa chini tangu siku ya kwanza, na kwa desturi hauwezi kukunjwa bila maiti kuzikwa. Waliokuja kukesha naye walikuwa wakipungua. Mtu hawezi kulia kila usiku kwa ajili ya mtumbwi mtupu, na hata yeye mwenyewe hakujua alie au angoje. Hilo ndilo lililokuwa likimmaliza.

Siku moja alifika na neno jipya. Wazee wa maporomoko walikuwa wamemwambia kwamba mto umefunga mkono wake kwa sababu umeibiwa. Kengele ikirudi, mto utamwachia mtoto.

"Papa Dieudo," akasema, "kazi yako ni kutoa bintu mu mayi. Sasa tafuta kimoja cha kurudisha. Miye sitaki kitu ingine. Nataka kuzika mutoto yangu."

Mimi ni Mkristo, na ni mtu wa kamba na vipimo vya kina. Lakini nilikuwa nimekaa na mama yule siku nyingi bila kuwa na kitu cha kumpa, na kumtafutia chuma kulikuwa afadhali kuliko kumtazama. Mkubwa wa ofisi aliposikia alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema, bon, nendeni. Akanipa Fidèle, mpiga kasia wetu, mtu mwenye mikono ya chuma na tumbo lisilojua siku ya kufunga. Mama Chantal akasema na yeye anakwenda. Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Tulianza kwa Papa Losale. Mnajua nyumba za huku kwetu. Hata pasipo na kitu, mgeni hupewa maji, na penye kidogo atapata karanga. Tulikaa kwa Papa Losale hadi kivuli kikahama, na hata kikombe hakikuonekana. Mkewe alisimama mlangoni pa jiko kama askari. Papa Losale alitujibu upesi upesi: kengele alimpa Papa Kambale, mfanyabiashara wa misumari na mabati, baada ya kula naye samaki. Alitusindikiza hadi njiani, jambo zuri, lakini aliendelea kutusukuma kwa maneno mpaka tukafika mbali.

Papa Kambale ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, Mkatoliki mwenye rozari juu ya meza ya duka. Alituambia mara tatu kwamba yeye haamini mambo hayo. Kisha akatuhesabia. Tangu apokee ile zawadi, lori lake lilizama kwenye matope njiani, jenereta iliungua, na kasuku wake, aliyekuwa akisalimia wateja kwa Kifaransa safi, alinyamaza kabisa. Lori na jenereta alivieleza kwa utulivu. Kwa kasuku sauti ilimkatika. Kwa hiyo alimwalika Pasta wa mtaa chakula cha maharagwe, akampa kengele kwa ajili ya kanisa.

Ilikuwa mchana. Mama Chantal, ambaye hakuwa amekula tangu asubuhi, alifungua chikwanga yake, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, akakata kipande, na kama mtu aliyelelewa vizuri akampa kwanza mwenye nyumba. Papa Kambale aliruka. Ni mtu mnene, lakini alifika juu ya mifuko ya saruji kabla sijageuka.

"Mama, hapana, pole," akasema akiwa huko juu. "Nimeshiba. Nimeshiba tangu jana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Habari ilikuwa imetutangulia, na imeharibika njiani. Watu hawakusikia kwamba tunatafuta kengele. Walisikia kwamba tunayo, kwamba iko kwenye kapu la Mama Chantal, na tunatafuta mtu wa kumlisha. Tulipotoka dukani, barabara nzima ilikuwa imeshiba. Masufuria yalifunikwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga ndizi alizimwagia maji. Katika nyumba moja tulikoomba njia tu, harufu ya pondu, majani ya muhogo, ilitoka chini ya kitanda. Fidèle alitembea akiwa ameshika tumbo, akisema amefanya kazi na maiti miaka mingi na hajawahi kuogopwa hivi.

Nilicheka, lazima niseme. Kisha nilimtazama Mama Chantal. Alikuwa bado ameshika kile kipande cha chikwanga mkononi, hajui akiweke wapi. Mwanamke aliyefiwa, katika mji ambao aliyefiwa hupelekewa chakula hadi akakosa pa kukiweka, na hakuna mtu aliyetaka kutafuna mbele yake. Nikakichukua kile kipande nikakila. Fidèle aliomba nusu.

Pasta alituona kupitia dirisha, na tulipofika mlangoni alikuwa ameanza mfungo. Alitangaza mwenyewe, kabla ya salamu. Alisema aliitundika kengele kanisani akaipiga mara moja, Jumapili, na wiki hiyohiyo kwaya ikagawanyika makundi mawili, kila moja na ngoma zake. Akaiombea. Kisha akaona ni vizuri iombewe kutoka mbali. Alikwenda kula makayabu, samaki wa chumvi, kwa Mama Bébé, mwenye nganda ya karibu na soko. Alikwenda na chakula chake mwenyewe kwenye bakuli ili ihesabiwe kuwa ni yeye aliyemlisha mwenye nganda, na akamwachia kengele akisema ni ya kuitia wateja. Alipomaliza kueleza aliinamisha kichwa.

"Nilijua, Mama," akamwambia Mama Chantal. "Nilijua iko mubaya, na nilimupatia mutu. Uniombee."

Mama Chantal alimwambia si kitu, twende tu tuichukue. Alikuwa amechangamka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa sababu Mama Bébé alikuwa rafiki yake. Walisuka nywele pamoja tangu wasichana. Kule, alituambia njiani, tutakula.

Mama Bébé ni mwanamke ambaye humpa supu hata mlevi asiye na kitu. Alipotuona tukiingia watatu aliweka chini sinia lililokuwa na vikombe. Hakutukaribisha. Alikaa kwenye kreti, akafunika uso kwa kitambaa, na akaanza kulia kabla hatujauliza neno.

"Chantal," akasema. "Ile chuma nilikupatia siku ile ulikula lituma kwangu. Ni yenyewe. Ni ngonga."

Redio ya nganda iliendelea kuimba mpaka Fidèle akaizima.

Mama Chantal alifikiri. Nilimwona akifikiri. Chuma kile, akasema polepole, alikuwa akikiweka juu ya pipa la mihogo iliyolowekwa, kukandamiza kifuniko. Rafiki yake alimwambia ni chuma tu cha zamani, kitamfaa, naye alishukuru. Lakini hakipo tena. Alidhani wezi wa vyuma wamekichukua, na kwa sababu ya msiba hakukifuatilia.

Nikamuuliza lini alikiona mara ya mwisho. Alinitazama. Usiku wa kuamkia siku ya Justin kupotea, akasema. Nikamuuliza tena kama kuna kitu kingine kilichopotea nyumbani asubuhi ile.

"Kamba ya manguo," akasema. "Niko nayanika ku uzio ya lupango tangu siku ile. Nilifikiri ni mwizi mumoja."

Mama Bébé ndiye aliyemalizia, akiwa bado amefunika uso. Jioni kabla ya Justin kupotea, kijana alikaa hapo nganda. Wanaume walikuwa wakicheka habari za ngonga, wakaielezea: midomo miwili, mmoja umepasuka. Walitaja laana. Justin alisikiliza, akasimama, akaacha chupa yake nusu. Mama Bébé alimwona akitoka. Alijua anakwenda kutazama pipa la mama yake, na hakumwita.

Mama Chantal hakumkemea. Aliweka mikono juu ya magoti yake.

"Aliikuta mu nyumba yangu," akasema. "Aliitoa mu nyumba yangu, ili isinipate miye."

Nimekaa na waliofiwa wengi, lakini mimi mwenyewe siku ile nilitoka nje nikasimama nyuma ya nganda kwa muda. Nilikuwa nikiona kamba. Mtoto wa maporomoko, mwenye kasia lililofungwa mahali pake, akiwa peke yake na chuma kizito kwenye maji yanayoruka, asingekiacha kiteleze sakafuni mwa mtumbwi. Angekifunga. Na angekifunga mahali ambapo watu wetu wote hufunga. Tulikuwa tumetafuta chini ya mto mzima, hadi Isangi, mtu ambaye hakuwa amekwenda popote.

Kesho yake asubuhi Papa Losale alituonyesha ufa. Alikuja mwenyewe bila kuitwa. Chini ya jiwe lile kuna shimo la maji linalozunguka, na wavuvi hawategi hapo kwa sababu vikapu hupasuka. Wazee walitaka kumwaga kinywaji kwanza, Pasta aliyekuwa ukingoni alitaka kuomba, na nikawaacha wafanye vyote viwili, nikijifunga kamba yangu. Fidèle aliishika ncha nyingine. Tulikubaliana ishara za kuvuta, zilezile za Papa Lifeta. Mama Chantal alikaa kwenye mawe, juu ya kitenge kilichokunjwa ambacho alikileta kwa ajili ya mtoto.

Maji yale ni ya rangi ya chai, na chini hayana rangi. Huko mtu huona kwa mikono. Mara ya kwanza sikugusa ila mawe. Mara ya pili mkono wangu ulipata kamba nyembamba, ya nailoni, imekazika. Niliifuata. Katikati yake nilishika kitu kidogo cha plastiki, nikakipapasa, na nikakijua. Kilikuwa kibanio cha nguo. Alipoikata kamba ile kwa haraka alfajiri hakukitoa.

Upande mmoja wa kamba ilikuwa kengele, imekabwa kati ya mawe mawili, hatua moja tu kutoka ufa wake. Upande wa pili alikuwa mgeni wetu. Nilipapasa fundo lake kiunoni. Lilikuwa fundo zuri, la mtu aliyefundishwa, lakini halikuwa na sikio.

Nilipanda kuvuta pumzi, nikashuka tena na kisu. Nilikata kamba. Lakini kabla ya kumpandisha nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka yangu yote ya kazi. Niliitikisa ile kengele hadi ikatoka kati ya mawe, nikaisukuma ile hatua iliyobaki, nikaiingiza kwenye ufa. Kijana alikuwa amekaribia kumaliza. Sikutaka kazi yake ibaki hivyo. Kisha nikavuta ishara kwa Fidèle, na tukapanda pamoja, mimi na yeye. Mengine ya asubuhi ile ni ya mama yake. Kile kibanio nilimpa.

Ofisini waliniuliza kama kengele imepatikana. Niliwajibu kwamba tumepata tulichotumwa. Kwa hiyo mjini hakuna aliyejua kama niliitoa au niliiacha, na mjini mtu asipojua huogopa. Tulimzika Justin kesho yake. Mkeka ukakunjwa, nywele zikanyolewa, na ikabaki kula chakula cha mwisho wa matanga.

Mama Chantal alikipika mwenyewe. Alitwanga lituma, ndizi na muhogo pamoja, akapika samaki wa maporomoko, akatandika nje ya nyumba. Watu walijaa. Walisimama uani, wakajipanga kando ya barabara, wakaimba vizuri, lakini hakuna aliyesogea kwenye masufuria. Papa Losale alikuwepo. Papa Kambale alikuwepo, amevaa suti, na Pasta. Kila mmoja wao aliwahi kumlisha mtu ili ajiokoe, na kila mmoja alilijua hilo. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba kengele iko kwenye ufa wake. Nilishaanza kusimama. Mama Chantal alinitazama, akatikisa kichwa, nami nikakaa.

Alichota lituma kwenye sahani moja, akaweka samaki. Alipita katikati ya watu wote, akaenda hadi nyuma kabisa, kwenye uzio, ambako Mama Bébé alikuwa amesimama peke yake na kitambaa chake. Akamnyooshea sahani kwa mikono miwili.

Mama Bébé aliipokea kwa mkono wake.

"Nipatie, Chantal," akasema. "Kama iko ndani, nipatie na yenyewe."

Akamega tonge, akala. Mama Chantal akakaa chini karibu naye, penye uzio, akamega upande wa pili wa sahani ileile. Papa Kambale alivua koti akaja kuchota chake, kisha Pasta, kisha Papa Losale na mkewe, na nyuma yao barabara nzima. Fidèle alikula mara tatu. Nilipowatazama tena wale wawili kule kwenye uzio, Mama Chantal alikuwa akimtolea rafiki yake miiba ya samaki.